Kuandaa boti kwa majira ya baridi hapa Michigan: tuanze na maji yaliyojificha, turubai baadaye

Fundi wa Muskegon (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajamvi, nawasalimu nyote.

Kila ifikapo mwisho wa Septemba huletewa maswali yaleyale na ndugu zetu wa miji ya hapa jimboni, Grand Rapids, Holland na Kalamazoo, walionunua boti za mkono wa pili, kwa hiyo nimeonelea niyajibu mahali pamoja, na mwenye swali jipya aliongeze hapa chini. Wengi wao wamekulia kando ya Ziwa Tanganyika, pale Uvira, Baraka, Kalemie au Kigoma, na kwa kuisoma hali ya ziwa wanawazidi majirani zao wa hapa. Lakini kule boti hupandishwa mchangani ili ikalafatiwe au ipakwe rangi, si kwa kuiogopea baridi, na ndiyo maana jambo hili huwakuta hawajajiandaa.

Hoja yangu ni moja. Maji yanapoganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na chuma cha kusubu hakiwezi kutanuka pamoja nayo, hivyo hupasuka. Kazi yote ya kuandaa boti kwa majira ya baridi ni kuyatafuta maji yaliyobaki ndani yake, mahali ambapo mwenye boti hayaoni, na kuyatoa au kuweka badala yake kitu ambacho hakitapasua chuma. Kupiga polishi, kuosha viti na kununua turubai la bei ni mambo mazuri, lakini boti isiyopigwa polishi huamka salama mwezi wa Aprili, ilhali boti inayong'aa yenye maji kwenye bloku, yaani mwili wa chuma wa injini, huamka ikiwa chuma chakavu. Nalisema hili kwa sababu naona watu wengi wakianza na turubai, pengine kwa kuwa ndilo jirani analoliona.

Nianze na injini ya ndani yenye mguu wa nje (sehemu ya nyuma inayobeba gia na pangaboi), maana ndiyo inayomaliza fedha za watu. Gari lako lina kulanti inayozunguka ndani ya mfumo uliofungwa, kwa hiyo linaweza kulala nje kwenye theluji na asubuhi likawaka. Injini nyingi za boti za aina hii hazina mfumo huo: pampu huvuta maji ya ziwa, huyapitisha kwenye bloku na kwenye manifoldi za ekzosi, kisha huyatema nje. Ukizima injini, sehemu kubwa ya maji hayo hubaki palepale yalipo. Hapa kwetu baridi ya kugandisha huanza kuonekana Oktoba, na usiku mmoja wa baridi kali unatosha kuipasua bloku ya boti iliyoegeshwa kando ya gari ambalo halikudhurika kwa lolote. Bima nyingi za boti hazilipi uharibifu wa kuganda isipokuwa umeongeza kipengele hicho kwenye mkataba; someni mkataba kabla ya kuutegemea.

Utaratibu wa kazi una maana yake, na ukiugeuza utalazimika kurudia. Kwanza tia dawa ya kutunza petroli kwenye tangi. Kisha funga vibano vya mpira kwenye matundu ya mguu yanayovuta maji, unganisha na bomba la bustani, na uiache injini iungurume dakika 10 hadi 15 ili petroli yenye dawa ifike mpaka kwenye kabureta au injekta. Ikiwa bado ina joto, badilisha oili na filta sasa, usisubiri Aprili, kwa sababu oili iliyotumika ina asidi na unyevu unaokula beringi wakati injini imelala. Kwa injini za kabureta hupulizwa pia oili maalumu kupitia mdomo wa hewa hadi moshi utande na injini ianze kukohoa. Kwa injini za injekta fuata kitabu chake, maana watengenezaji hawakubaliani juu ya jambo hili. Baada ya hapo ndipo maji yatolewe, na yakishatolewa injini isiwashwe tena.

Kwenye bloku kuna vizibo vya kutolea maji, manifoldi nazo zina vyake, na mipira mikubwa ya maji ina sehemu za chini ambazo lazima zifunguliwe. Katika injini nyingi za MerCruiser vizibo hivyo ni vya plastiki ya buluu ili vionekane kwa urahisi. Kitabu cha injini yako kitakuambia viko vingapi, nawe usiridhike mpaka vyote viwe mkononi mwako. Hata hivyo, kufungua kizibo peke yake si kutoa maji. Mara nyingi utafungua na hakitatoka kitu, ukadhani mna ukavu. Chukua waya mgumu, uuchomeke kwenye tundu, uzungushe na kusukuma: kwanza zitatoka chembe za kutu na mchanga mweusi, kisha tope zito la kahawia, na ndipo maji yatakaporuka na kukulowesha mkono hadi kiwiko. Maji hayo yaliyojibana nyuma ya kutu ndiyo ambayo yangeipasua bloku huku mwenye boti akiapa kwamba aliyatoa yote.

Maji yakishaisha, rudisha vizibo na ujaze dawa ya kuzuia kuganda kwa kuimimina kupitia mipira ya juu, upande wa bloku na upande wa manifoldi. Tumia yenye propilini glaikoli, ambayo kwa kawaida huuzwa ikiwa na rangi ya pinki. Ile ya magari yenye ethilini glaikoli ni sumu, ina utamu unaowavutia mbwa na watoto, na siku ya kwanza ya kuwasha injini ingemwagika yote ziwani. Soma pia maandishi ya dumu kwa makini. Dawa iliyoandikwa nyuzi 50 za Farenhaiti chini ya sifuri haitabaki kuwa maji katika baridi hiyo. Maana ya maandishi hayo ni kwamba haitapasua bomba tu. Huanza kuwa rojorojo mapema zaidi, na ikichanganyika na maji yaliyobaki kinga yake hushuka, jambo ambalo dumu halikuambii.

Mguu wa nje uachwe umeshushwa chini kabisa. Maji yaliyomo hushuka yenyewe, na mpira wa mikunjo unaouunganisha na boti haukai umevutwa kwa miezi mitano. Kuhusu oili ya gia iliyomo mguuni, fungua skrubu ya chini na ya juu, uiache itiririke kwenye beseni safi, kisha uitazame. Ikiwa nyeusi au ya kijani iliyokolea, hilo ni jambo la kawaida. Ikiwa nyeupe yenye utusitusi, basi maji yamepita kwenye sili, na yakiachwa humo yataganda na kupasua nyumba ya gia. Jaza oili mpya kutoka tundu la chini hadi itokeze tundu la juu, ili hewa isibaki ndani, na uweke washa mpya kwenye skrubu zote mbili. Washa hizo ni za senti chache, na uchoyo wa kuzirudisha za zamani ndio unaoingiza maji mwaka unaofuata.

Mengine nitayaeleza mkiuliza.

Mvuvi wa Baraka

Ahsante sana ndugu yangu Fundi. Mimi boti yangu ni ya alumini na ina injini ya kupachika nyuma ya nguvu farasi 40, kama zile tulizozizoea kule nyumbani. Je, nami nahitaji kuhangaika na vizibo na dawa ya pinki?

Fundi wa Muskegon

La, ndugu yangu, wewe una bahati. Injini ya kupachika ikisimamishwa wima hujimwaga maji yenyewe, na ndiyo maana haitakiwi kuhifadhiwa ikiwa imeinuliwa au imelazwa ubavu kabla haijamaliza kujimwaga. Ukiiacha imeinuliwa, mvua na theluji iliyoyeyuka vitaingia kwenye kitovu cha pangaboi, vitaganda, na vitapasua pale. Kinachokuhusu ni petroli, oili ya gia niliyoieleza hapo juu, na oili ya injini ikiwa ni ya mipigo minne. Toa pangaboi pia na uangalie kama uzi wa kuvulia umejisokota kwenye shafti, kwa sababu huo ndio unaokata sili na kuingiza maji kwenye gia. Paka grisi, rudisha, na kazi imekwisha.

Kijana wa Kalemie

Mkuu, kwa heshima zote, naona unaikuza kazi hii. Miaka yote nimekuwa nikitumia njia ya ndoo: naweka dawa ya pinki ndani ya ndoo, injini inaivuta kupitia vibano vya mpira, na pinki ikishatoka kwenye ekzosi nazima. Sijawahi kufungua kizibo hata kimoja na injini yangu ni nzima. Kwa nini mtu alale chini ya injini kutafuta vizibo vyenye kutu?

Fundi wa Muskegon

Kijana wa Kalemie, nashukuru kwa kulileta hapa, kwa maana wengi wanafanya hivyo kimyakimya. Tatizo ni themostati. Injini ikiwa baridi, themostati hufungwa, na maji yanayovutwa hupelekwa moja kwa moja kwenye manifoldi na ekzosi bila kupita kwenye bloku. Kwa hiyo dawa ya pinki inaweza kutoka nyuma ikiwa nzuri kabisa huku bloku ikiwa imejaa maji ya ziwa. Pinki kwenye ekzosi inathibitisha kwamba imefika kwenye ekzosi, basi. Ikiwa wewe huiacha injini ipate joto vya kutosha kwanza, themostati hufunguka na dawa huingia kwenye bloku, na huenda ndiyo sababu injini yako imesalimika. Hata hapo dawa hukutana na maji yaliyotangulia na kuzimuliwa, nawe huna njia ya kujua imebaki na nguvu gani, labda ukinge kidogo kutoka kwenye kizibo cha bloku na kuipima. Sasa ikiwa utafungua kizibo ili upime, si ungekuwa umeshatoa maji yote?

Kijana wa Kalemie

Suala la themostati sikuwa nalijua, nakubali. Lakini vizibo vyangu vimeshikwa na kutu kiasi kwamba naogopa kuvivunja.

Fundi wa Muskegon

Vipulizie mafuta ya kulainisha kutu jioni, urudi asubuhi injini ikiwa na joto kidogo, kisha tumia spana ya boksi inayokamata pembe sita. Spana ya mdomo wazi itakula kichwa cha kizibo. Kikivunjika ukiwa kwenye gereji mwezi wa Oktoba, hicho ni kizibo cha dola chache na saa moja ya kazi. Ukivipata, weka vipya vya shaba na upake grisi ya baharini kwenye hesi zake.

Dada wa Lansing

Habari zenu wadau. Naomba kuelimishwa kuhusu tangi la petroli. Jirani yangu mzee wa Kimarekani ananisisitiza nilimalize kabisa kabla ya baridi, lakini duka nililonunua dawa ya petroli linaniambia nilijaze. Nani wa kumsikiliza?

Fundi wa Muskegon

Dada, jirani yako si mtu wa kudharauliwa, ila ushauri wake una hatari yake. Petroli nyingi inayouzwa hapa ina asilimia 10 ya ethanoli, na ethanoli huvuta unyevu. Tangi lenye nafasi kubwa ya hewa hupumua kila joto linapopanda na kushuka, na kwa kila pumzi huingiza unyevu. Ukizidi, ethanoli pamoja na maji hujitenga na petroli na kutuama chini ya tangi, palepale mrija wa kuvutia mafuta ulipo. Ikifika hapo hakuna dawa ya chupa inayoirudisha. Hunyonywa na kutupwa kwa utaratibu wa takataka za sumu. Mimi hutia dawa kwanza, kisha hujaza hadi karibu asilimia 95, nikiacha nafasi ya mafuta kutanuka. Ukiweza, ujazo wako wa mwisho wa msimu uwe wa petroli isiyo na ethanoli, ambayo katika vituo vingi vilivyo karibu na maziwa huandikwa REC-90.

Mvuvi wa Baraka

Samahani, na tangi la kubebeka je? Langu ni la galoni 6 tu, na gereji yangu imeungana na nyumba. Mke wangu hataki kusikia habari ya petroli ndani ya gereji majira yote ya baridi.

Fundi wa Muskegon

Shemeji yetu ana haki, na katika hili namuunga mkono. Tangi la kubebeka limalize: ikiwa petroli haijachanganywa na oili ya mipigo miwili, imimine kwenye gari uitumie wiki hiyo hiyo, kisha uliache tangi wazi nje hadi likauke. Kanuni ya kujaza inahusu matangi yaliyojengewa ndani ya boti. Vilevile mwenye ghala la ndani anaweza kukutaka uwe na mafuta kidogo kwa kuhofia moto, na hapo sharti lake ndilo la kufuata.

Mama Riziki GR

Mimi nina swali ambalo huenda mkaliona la kitoto. Kuna mtu ameniambia kwamba hakuna haja ya kutoa maji; naweza kuweka taa au kipasha joto kidogo ndani ya chumba cha injini na kukiacha kikiwaka hadi Machi. Gharama ya umeme haizidi ya fundi.

Fundi wa Muskegon

Mama Riziki, si la kitoto hata kidogo, na vipo vipasha joto vilivyotengenezwa mahususi kwa vyumba vya injini ya boti. Navikubali kwa mtu anayetaka kuvua hadi Novemba na kujikinga na baridi ya usiku mmoja mmoja. Kuvitegemea hadi Machi sikubali, kwa sababu umeme hukatika wakati uleule baridi inapokuwa kali. Mwishoni mwa Machi 2025 dhoruba ya barafu iliangusha nyaya kaskazini mwa Michigan, na maelfu ya nyumba zilikaa gizani kwa siku nyingi. Taa ya kawaida ndiyo sitaki hata kuisikia: chumba cha injini kina mvuke wa petroli, na taa iliyoanguka juu ya turubai imekwisha kuchoma boti na gereji za watu.

Msafiri Mlamu

Nafuatilia uzi huu nikiwa Toronto, na hapa pia habari ni hiyohiyo. Naomba kuuliza: kwa nini boti isiachwe majini? Maji ya ziwa chini ya barafu hayagandi, na boti kubwa naziona zikibaki bandarini.

Fundi wa Muskegon

Ni kweli zipo zinazobaki. Hutegwa chini yake kifaa kinachopuliza mapovu au kusukuma maji ya chini, ambayo yana joto kidogo, yapande juu na kuzuia barafu isiikamate boti. Lakini hapo unategemea umeme tena, tena unahitaji mtu wa kuitembelea kila mara, kwa kuwa theluji ikijaa juu ya boti huizamisha hadi matundu ya ubavuni yaliyozoea kuwa juu ya maji yakawa chini ya maji. Kwa boti za ukubwa wetu haina faida. Hata meli za mizigo za maziwa haya hupumzika: malango ya maji ya Soo, pale Sault Ste. Marie, hufungwa kuanzia 15 Januari hadi 25 Machi, na meli nyingi hukaa bandarini, kwa mfano Sturgeon Bay katika jimbo la Wisconsin, zikifanyiwa matengenezo.

Tena, nisingependa mtu achelewe kuipandisha kwa kisingizio kwamba barafu bado. Novemba ndio mwezi wa upepo hapa. Edmund Fitzgerald, meli ya urefu wa futi 729, ilizama Ziwa Superior tarehe 10 Novemba 1975 pamoja na mabaharia wake wote 29. Boti ya futi 18 iliyofungwa gatini siku kama hiyo hupigizwa nguzo hadi ibomoke.

Mzee wa Fizi

Wanangu, nawashukuru kwa maarifa. Mimi sina injini ya ndani. Nimepewa na mzee mmoja mashua ya mbao za mwerezi, mbao zilizopigiliwa juu ya mataruma kama tulivyokuwa tukiunda kwetu. Inavuja kidogo tu. Nina nafasi ndani ya chumba cha chini cha nyumba ya mwanangu, chenye joto zuri. Nimefikiri kuilaza humo hadi baridi iishe. Mnasemaje?

Fundi wa Muskegon

Shikamoo mzee wetu. Kwa heshima naomba usiilaze humo. Nyumba inayopashwa joto hapa Michigan huwa na hewa kavu mno majira ya baridi. Mbao zilizokunywa maji msimu mzima zitakauka kupita kiasi, zitasinyaa, na nyingine zitapasuka kwa urefu. Unaweza kuona mwanga wa nje ukipenya katikati ya mbao mbili. Mashua ya mbao inapenda banda lisilo na moto, lenye sakafu ya udongo, kivuli na hewa inayopita. Baridi yenyewe haiidhuru mbao iliyo kavu kiasi. Kinachoidhuru ni maji ya mvua na theluji yanayotuama ndani ya ngama, kwa maana maji yasiyo na chumvi huozesha mbao upesi kuliko maji ya chumvi. Ing'oe nguruzi, kile kizibo cha tundu la chini la kutolea maji, inua omo kidogo ili maji yoyote yatakayoingia yatoke, na uikalishe juu ya magogo yanayobeba mkuku wote, pasiwe na sehemu inayoning'inia. Upake mafuta ya mbegu za kitani kwa ndani ili mbao zisikauke haraka.

Msafiri Mlamu

Niruhusuni niongeze kwa mzee. Kwetu Lamu chombo kinachokaa pwani kungojea kusi ipungue hufunikwa makuti ili jua lisipasue mbao, kwa hiyo ukavu ni adui tunayemjua hata sisi tusio na theluji. Jambo la kuangalia ni kalafati ya kabla ya kurudi majini. Mzee akiona nyufa zimefunguka mwezi wa Aprili asishikwe na tamaa ya kuzishindilia pamba kwa nguvu. Mbao zitakapokunywa maji na kuvimba, pamba iliyoshindiliwa mno haitakuwa na pa kwenda, itazisukuma mbao na kung'oa misumari kwenye mataruma. Aijaze pamba kwa wastani, kisha mashua ikae ndani ya maji kina kifupi siku kadhaa ivimbe yenyewe, huku pampu ikiwa karibu.

Mzee wa Fizi

Marahaba, na Mungu awabariki. Kuna shamba la rafiki yangu huko Zeeland lenye banda la zamani la ng'ombe. Nitaipeleka huko.

Dada wa Lansing

Mimi bado niko na boti yangu ya plastiki. Fundi, umelikwepa suala la turubai kwa makusudi, lakini sisi wengine hatuna banda. Kuna wanaofunika kwa ile plastiki nyeupe inayokazwa kwa moto, hutoza kwa kila futi. Inastahili?

Fundi wa Muskegon

Dada, sijalikwepa, nilitaka litangulie lile linalovunja. Plastiki ya kukazwa ni nzuri kwa sababu theluji huteleza juu yake, lakini lazima iwekewe matundu ya hewa, la sivyo unyevu ulioko ndani utageuka ukungu mweusi kwenye viti. Mtu asijaribu kuikaza mwenyewe kwa moto wa gesi juu ya boti yenye petroli. Kwa boti ya futi 18, turubai zito lenye uti wa mgongo wa mbao katikati linatosha, mradi mteremko uwe mkali. Turubai lililolala hushika maji, maji huganda, theluji huongezeka juu yake, na uzito huo huvunja kioo cha mbele. Kamba zake zizunguke chini ya tumbo la boti, zisifungwe kwenye jeki zinazoishikilia, kwa sababu upepo ukilipeperusha turubai litang'oa jeki na boti itaanguka.

Kabla ya kufunika, simamisha mito ya viti, acha milango ya masanduku wazi, na toa jaketi okozi zote, vyakula na karatasi. Panya wa hapa huingia Oktoba. Hutafuna sponji kujitengenezea kiota chini ya usukani na hawaachi kutafuna nyaya wakiwa humo.

Kijana wa Kalemie

Na betri? Kuna anayeniambia nisiiweke kwenye sakafu ya saruji itakufa.

Fundi wa Muskegon

Hiyo ni habari ya betri za zamani zilizokuwa na makasha ya mbao au mpira; kasha la plastiki la leo halijali sakafu. La msingi ni chaji. Betri iliyojaa haigandi mpaka chini ya nyuzi 50 za Selsiasi chini ya sifuri, baridi ambayo hatuipati hapa, lakini iliyokwisha chaji inaweza kuganda karibu na nyuzi 7 chini ya sifuri, na hizo tunazipata karibu kila wiki ya Januari. Ijaze hadi volti 12.6 au zaidi, itoe kwenye boti, na uichaji tena kila mwezi.

Nimekumbuka sehemu ndogondogo za maji ambazo watu hupitiwa: mpira wa pampu ya ngama, pampu ya tangi la samaki, chujio la maji lenye kioo, na koki za mpini. Koki hizo hufungia maji kidogo ndani ya tufe lake zikiwa zimefungwa kabisa, kwa hiyo boti ikiwa nchi kavu ziache nusu wazi.

Mama Riziki GR

Swali la mwisho kwa upande wangu. Boti yangu iko juu ya trela uani. Nguruzi niiache wazi au niifunge ili panya wasipite? Nasikia pia kuna sheria.

Fundi wa Muskegon

Iache wazi, mama, na uzibe tundu kwa kipande cha wavu wa chuma ili panya wasipite na maji yatoke. Inua mbele ya trela ili maji yote yaelekee nyuma, weka magogo chini ya ekseli kupunguza uzito kwenye matairi, na upake grisi mpya kwenye beringi za magurudumu, maana huingia majini zikiwa na joto na kunyonya maji. Sheria ipo: tangu 2019, katika jimbo hili, nguruzi lazima itolewe na maji yote yamwagwe kabla boti haijasafirishwa barabarani, ili kuzuia viumbe vya kigeni kama wale kome wadogo wenye milia waliogunduliwa Ziwa St. Clair mwaka 1988. Ukiwakuta wamejishika kwenye tumbo la boti, wakwangue sasa wakiwa wabichi. Wakikauka watakutoa jasho.

Nguruzi pamoja na vizibo vyote vilivyobaki nje vitie kwenye mfuko mmoja na uufunge kwenye ufunguo wa injini. Hapo hakuna atakayeishusha boti majini Aprili bila kuugusa mfuko huo kwanza. Jumamosi nitakuwa Grand Rapids kwa Mvuvi wa Baraka kutazama gia yake, na nitakuwa na waya, beseni na spana za boksi. Kijana wa Kalemie, kama bado unaviogopa vizibo vyako, ilete boti hapo na uvipulizie mafuta tangu Ijumaa jioni.